Fundi, duka la spea na baiskeli yako: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa miaka saba nyuma ya meza ya duka la spea za baiskeli la mjomba wangu, hapa Ifakara. Anayeijua Ifakara hahitaji kuelezwa: mji tambarare katika bonde la Kilombero, mpunga pande zote, baiskeli kila unapogeuka. Mama anapita na mwanawe mgongoni, mzee anakwenda msikitini, gunia linatoka shamba juu ya keria. Barazani kwetu wapo mafundi wawili, mmoja mtu mzima ambaye kila mtu humwita Mzee, mwingine kijana anayejifunza kwake. Mimi nauza, wao wanafunga. Maswali yafuatayo ndiyo wateja wanayoniuliza, mengine kwa sauti ya chini, baada ya kuhakikisha Mzee hasikii.

Duka na fundi si kitu kimoja?

Hapana, na kutolijua hili kumezaa nusu ya magomvi niliyoyaamua. Fundi amekaa barazani kwetu lakini anajitegemea. Duka halimlipi mshahara. Yeye anapata kivuli, mahali pa kulaza baiskeli za watu usiku, na wateja. Sisi tunapata mtu wa kusema "tairi hili limekufa, kamuone dada hapo ndani". Pesa ya spea ni ya duka, pesa ya ufundi ni ya kwake. Kwa hiyo unaponunua tairi kwa bei isiyokufurahisha kisha ukatoka nje kumbana fundi ili ufidie, umemkata mtu ambaye hakukuuzia chochote.

Na lawama zigawanywe hivyohivyo. Tyubu mpya ikipasuka, itoe uangalie tundu lenyewe kabla hujafungua mdomo. Mpasuko mrefu uliochanika mara moja, mara nyingi siku ileile ya kufungwa, maana yake tyubu ilibanwa na ukingo wa tairi: huo ni mkono wa fundi, naye atakufungia nyingine bila maneno. Vitundu viwili vidogo vilivyokaa sambamba, umepita kwenye shimo au umepanda ukingo wa barabara ukiwa na upepo mdogo: hilo ni lako. Ikiachia pale valvu ilipogandishwa na tyubu yenyewe, niletee mimi.

Nitamjuaje fundi mzuri kabla sijamkabidhi baiskeli?

Simama pembeni umtazame akimhudumia mtu mwingine. Hakuna ada ya kutazama.

Anza na pancha, maana ndiyo kazi ya kila saa. Fundi wa haraka huona tundu, huziba, hurudisha, hujaza upepo, huchukua hela. Fundi mzuri akishaona tundu hupitisha vidole ndani ya tairi polepole kuutafuta mwiba. Usipotolewa, kesho utarudi na pancha palepale, na utamlaumu aliyeziba, na kwa mara moja utakuwa na haki. Tazama pia kama anaisugua tyubu kwa msasa na kuiacha solusheni ikauke kidogo kabla hajabandika kiraka. Anayebandika gundi ikiwa bado mbichi anajitafutia mteja wa kesho.

Kisha subiri mtu aje na krenki, ule mkono unaobeba pedali, inayocheza. Kwenye baiskeli zetu kubwa krenki hushikwa kwenye ekseli na kotapini, yaani pini ya chuma, na kotapini hutolewa kwa nyundo. Hilo halina ubaya. Swali ni nini kipo chini ya krenki wakati wa kugonga. Mzee ana kipande cha bomba zito anachokisimamisha chini yake, ili pigo lipokelewe na ardhi. Wengine hugonga hivihivi hewani, na kishindo chote kinaishia kwenye ekseli na gololi za katikati. Utaondoka umeridhika, baada ya wiki mbili utasikia mlio ambao hukuja nao. Mzee pia huilegeza nati bila kuitoa kabisa, akagonga juu ya nati, nyuzi za pini zisiharibike. Mambo madogo, lakini mtu anayeyafanya bila kuangaliwa hata huko kwenye habu, kitovu cha gurudumu usichokiona ndani, atafanya vizuri.

Habu nayo ina mtihani wake. Akiifungua, gololi ziende kwenye kifuniko au sahani, zihesabiwe, zifutwe. Kwenye baiskeli nyingi mbele kuna gololi 10 kila upande, nyuma 9 zilizo kubwa zaidi. Ukimwona fundi ameangusha moja mchangani, akaangalia kushoto na kulia, kisha akafunga, chukua baiskeli yako uende.

Lakini alama ninayoiamini kuliko zote ni swali. Fundi mzuri hukuuliza, "Unabebea nini?" Baiskeli ya mwalimu anayekwenda shule kilomita mbili na ya kijana anayebeba mkaa zinaweza kutoka kiwandani siku moja, lakini hazifungwi spoku kwa namna moja.

Mara ya kwanza niende na nini?

Nenda asubuhi, na ioshe baiskeli. Baiskeli iliyojaa tope la shambani humlazimisha fundi afanye kazi mbili alipwe moja, na tope likiingia kwenye gololi alizozifungua, umeharibu kazi yako mwenyewe. Salimia kwanza. Nimeona watu wakishuka na kusema "hii hapa, breki" kama wanaongea na mashine ya kusaga. Shikamoo kwa mkubwa, "habari za kazi, fundi" kwa rika lako, halafu baiskeli.

Nielezeje tatizo? Mimi sijui majina ya vifaa.

Ni afadhali usiyajue. Mteja anayetupa shida ni yule anayekuja na jibu: "Nibadilishie friwili," yale meno ya gurudumu la nyuma. Fundi anabadilisha, analipwa, mlio unabaki, na sasa wote wawili wamekasirika. Wewe leta habari, jibu mwachie yeye.

Habari nzuri ni ya hivi. Mlio unakuja lini? Ukilia mara moja kila krenki inapomaliza mzunguko, shida iko kwenye krenki, kotapini au pedali. Ukiacha kukanyaga na baiskeli ikiendelea kwenda, mlio unaisha au unaendelea? Ukiendelea, fundi ataangalia magurudumu: habu, spoku iliyolegea, breki inayogusa ringi. Ikiwa pedali inaruka, yaani unakanyaga kwa nguvu na mguu unateleza mbele ghafla, mwambie kama ni mlimani tu au hata tambarare. Ama friwili haishiki, ama cheni imevutika na haikai tena kwenye meno. Cheni unaweza kuipima mwenyewe kwa rula ya inchi 12: weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu. Kwenye cheni mpya pini nyingine itaangukia kwenye 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni. Ikipita kwa 1/8, cheni mpya peke yake haitakusaidia, meno nayo yamekwisha kulika kwa kuifuata.

Na useme kweli kuhusu kilichotokea. Alikuja baba mmoja na baiskeli ambayo, kwa maneno yake, "ilikuwa imeegeshwa tu". Mzee aliinama, akaangalia chini ya bomba la fremu karibu na kichwa, akaona rangi imejikunja kama ngozi ya kiwiko. Uma unaoshika gurudumu la mbele ulikuwa umerudi nyuma. Hiyo ni baiskeli iliyogonga kitu kigumu, tena kwa mbio. Mzee hakubishana. Aliuliza, "Aliyekuwa juu yake mzima?" Baba akacheka, akasema kijana wake ana mshono kidevuni. Kuanzia hapo kazi ikawa rahisi, kwa sababu fundi alijua fremu haiaminiki na akamwambia asibebe tena gunia juu yake. Kama angeendelea kuficha, Mzee angenyoosha uma, akampa, na siku moja ingekatika ikiwa na mzigo.

Fundi anayekuhudumia miaka mingi anatunza kichwani historia ya baiskeli yako: ringi ya nyuma ilinyooshwa lini, spoku zipi ni mpya, ekseli ipi ilibadilishwa. Ukimlisha uongo, kumbukumbu hiyo inakuwa ya baiskeli nyingine.

Nilinunua tairi la 26 na halikuingia. Nimeuziwa feki?

Umeuziwa 26 nyingine. Swali hili nalipenda, kwa sababu limeniaibisha mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza dukani.

Inchi zilizoandikwa ubavuni mwa tairi ni desturi ya zamani. Zinakadiria ukubwa wa gurudumu zima pamoja na tairi, hazisemi ringi yenyewe ina kipenyo gani. Baiskeli ya mlimani yenye 26 x 1.95 ina ringi ya milimita 559. Zile za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama, nyingi ni 26 x 1 3/8, na hiyo ni milimita 590. Zimepishana kwa zaidi ya sentimita tatu. Hakuna bisibisi itakayolivuta tairi hilo likakubali. Kwenye 28 ni yaleyale. Baiskeli kubwa nyeusi huvaa 28 x 1½, ringi ya 635. Ipo 28 nyingine iliyoandikwa 28 x 1 5/8 x 1 3/8, na hiyo ni 622, ileile inayoitwa 700C kwenye baiskeli za mbio. Kuna na hizi mpya za mlimani zinazoitwa 29: nazo ni 622. Yaani 29 ina ringi ndogo kuliko 28 ya baiskeli kubwa nyeusi. Nikimweleza mteja hivyo hunitazama kama nimekunywa.

Dawa ni kuacha inchi na kutafuta namba yenye kistari, kama 50-559 au 37-590. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha ringi kwa milimita. Ikiwa imefutika, njoo na tairi la zamani lenyewe. Usinitumie mtoto na maneno "nataka la 26".

Kwa nini spea za Phoenix zinapatikana kila mahali, za kwangu naambiwa nisubiri?

Kwa sababu Phoenix ya Uchina, na Hero na Avon za Ludhiana kule India, zote ni wajukuu wa baiskeli moja ya Kiingereza ya zamani: fremu ndefu ya chuma, ringi ya 28 x 1½, breki za fimbo, kotapini. Karibu kila kitu cha moja huingia kwenye nyingine, kwa hiyo duka linaweza kujaza shelfu bila kuogopa. Baiskeli ya mtumba imekuja peke yake, ina habu yake na breki yake, na nikinunua spea yake inaweza kukaa miaka miwili ikimsubiri mwenyewe. Ukimpa fundi taarifa mapema kwamba kitu fulani kinaelekea kuisha, yeye huangalia kwenye baiskeli zilizokufa. Vitu vingi vya mtumba hupatikana kwa njia hiyo, na fundi huwatafutia kwanza anaowajua.

Spea ya bei nafuu au ile nzuri?

Inategemea ni ipi, na hapa msikilize fundi kuliko mimi, maana mimi nauza zote mbili.

Kengele, madigadi, kifuniko cha cheni, mpira wa mkono: nunua ya bei chini, ikikatika hutadhurika. Kotapini, hapana. Kotapini laini hulika, krenki inaanza kucheza, na inapocheza inapanua tundu lake; ulikwepa mia chache, sasa unanunua krenki. Tyubu nyepesi sana ukiibonyeza kwa vidole unahisi kama puto. Kwa anayebeba mzigo hiyo ni pancha kila Ijumaa. Viatu vya breki sina haja ya kueleza.

Tairi liko katikati. Kwa anayezunguka mjini la kawaida linatosha. Kwa wa mzigo, nyuma aweke zito, mbele aweke lolote.

Naweza kununua spea kwingine nikampelekea fundi afunge?

Unaweza, hakuna sheria. Lakini mwambie kabla, na usimtake aiwekee dhamana. Mambo mawili humuudhi fundi: kununua kitu ambacho hakiendani kisha ukamwambia "kilazimishe", na kuniuliza mimi ushauri nusu saa, ukaenda kununua mtaa wa pili, ukarudi kufungia barazani kwetu. La pili halinikasirishi kama zamani. Mzee bado linamkera kwa niaba yangu.

Tunapatana bei au hatupatani?

Tunapatana, tena kabla ya spana kugusa nati. Uliza, "Ufundi ni kiasi gani, na spea ni kiasi gani?" Jibu likija limegawanyika hivyo, una mahali pa kushika. Kwenye spea omba upunguziwe, hasa ukinunua vitu vitatu kwa pamoja. Hiyo ni biashara. Kwenye ufundi omba mara moja, ukikataliwa acha. Pancha ya shilingi 500 au 1,000 haina nyama ya kukatwa. Na usimwambie "fulani pale sokoni ananifanyia kwa nusu". Atakujibu kwa heshima uende kwa fulani.

Kibaya kuliko vyote ni kupatana baada ya kazi. Mtu anapewa baiskeli inayokwenda kama maji, anaingiza mkono mfukoni, anatoa pungufu, "nilikuwa na hii tu". Fundi atapokea, atanyamaza. Siku utakapokuja na haraka, atakuwa na baiskeli nne mbele yako. Kama pesa ni pungufu, sema mwanzoni: "Fundi, nina 5,000, tufanye lipi kwanza?" Mzee anapenda swali hilo kuliko hata pesa yenyewe. Atakuchagulia breki, atakuambia ringi inaweza kusubiri.

Mnakopesha?

Kwetu watu wengi hupata pesa mpunga ukishavunwa, na baiskeli huharibika tangu mvua za Machi. Kwa hiyo daftari lipo, tusidanganyane. Anayekopeshwa ni yule aliyewahi kulipa. Ukikwama, pita useme umekwama. Mtu anayebadilisha njia asipite mbele ya duka ndiye tunayemhesabu. Kuna bwana mmoja alichelewa miezi mitano, na kila Jumatatu alikuwa anasimama kunisalimia na kusema "bado, dada". Huyo hata leo akitaka tairi mbili hatoi senti.

Deni la fundi ni tofauti na deni la duka. Mimi nina shelfu. Yeye chakula cha watoto wake leo jioni kinatokana na mikono ya leo. Ufundi ulipe taslimu hata kama spea umeandikisha.

Kila nikienda naambiwa "njoo kesho". Ananichezea?

Wakati mwingine ndiyo. Mara nyingi amefungua baiskeli, akakuta kuna kitu kingine kimekufa, spea hamna dukani, na anaogopa kukuambia bei imepanda. Mfanye asiogope: acha namba ya simu na useme, "Ukikuta lingine, nipigie kabla hujafanya, hata kama ni dogo."

Pia angalia kalenda. Mei hadi Julai, mpunga unapotoka, kila baiskeli ya bonde hili inataka ringi inyooshwe na keria iongezewe chuma, na kila mmoja anataka leo. Ukileta yako Februari, utahudumiwa ukiwa umekaa kwenye benchi.

Breki zilikuwa nzuri jana. Leo mvua imenyesha, hazishiki. Fundi kanidanganya?

Hapana. Ringi ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake. Breki za fimbo hubana ringi kwa upande wa ndani unaoelekea habu, nako maji na tope hukaa. Bana kidogo kidogo mapema ili zijifute, na usiamini mteremko wa darajani wakati wa masika.

Nimegundua nimebadilishiwa kifaa. Nifanyeje?

Hili lilinipata kabla sijafanya kazi hapa, katika mji mwingine ambao sitautaja. Niliacha baiskeli kubadilisha gololi za nyuma. Niliporudi ilikuwa inakwenda vizuri, ila siti ilikuwa imechanika upande, na siti yangu haikuwa imechanika. Nilipiga kelele pale mbele ya watu. Fundi naye akapiga kelele. Siti sikuipata, na ilinibidi niwe natembea hadi upande wa pili wa mji kutafuta fundi mwingine mwaka mzima.

Sasa najua zaidi. Inawezekana aliiba. Inawezekana pia kijana wake alizifungua mbili kwa pamoja akachanganya, jambo ninaloliona hapa barazani mara nyingi kuliko wizi. Ningemwita pembeni, nikamwambia, "Fundi, siti hii si yangu, tuangalie yangu ilikwenda kwa nani," angekuwa na mlango wa kutokea hata kama alikuwa mwizi. Mbele ya watu hakuwa na mlango.

Kinga ni rahisi siku hizi: piga picha mbili kwa simu kabla hujaondoka, na zipige fundi akiona. Usifiche. Mzee mwenyewe huwaambia wageni wapige.

Mimi ni mwanamke. Mafundi wananijibu kama sielewi kitu, au wananiita shemeji.

Mimi pia. Nauza spea miaka saba na bado wapo wanaoingia, wakanitazama, wakauliza, "Mwenye duka yupo?"

La shemeji, mjibu mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili bila utani. La kutokueleweshwa, mwombe akuonyeshe kwa mkono: "Nionyeshe inapocheza." Fundi wa kweli atakushikisha gurudumu ulitikise mwenyewe. Wa kukubabaisha atakuambia "hutaelewa, mama, lete tu hela". Na jifunze kitu kimoja cha kumshtua. Mimi nilichagua pedali: ya kushoto hufungwa kinyume, kulia kwako ndiyo kuilegeza. Nilipomzuia kijana mmoja aliyekuwa akiilazimisha kwa upande usio wake, barazani palinyamaza, na tangu siku ile naitwa "fundi dada". Nalipokea jina hilo.

Kuazima pampu na spana kuna ubaya?

Pampu ni ya wote, omba, pampu, shukuru. Spana usiombe kuondoka nayo. Ile ya koni, ya kurekebishia habu, ni nyembamba, haiuzwi kila mahali, na ndiyo jembe lake.

Nimpe chochote zaidi ya malipo?

Si lazima. Chai na chapati saa nne asubuhi hukaribishwa. Kuku wa sikukuu tumewaona pia. Kinachomfurahisha Mzee zaidi ni mteja anayepita bila shida yoyote, anasimama, anasema, "Fundi, ile ringi bado imenyooka." Mafundi husikia habari za kazi yao ikiharibika tu.

Nitajuaje kuwa baiskeli ya mtumba ninayouziwa haijaibwa?

Igeuze juu chini. Kwenye baiskeli nyingi namba ya fremu imepigwa chini ya pale krenki zinapopita. Ikiwa imesuguliwa kwa tupa, ondoka. Ukiinunua, iandikishe namba hiyo kwenye risiti, na umpe fundi wako pia aiandike. Baiskeli ikiibwa, mahali pa kwanza inapopita mara nyingi ni kwa fundi, kupakwa rangi au kubadilishwa siti, na mafundi hupigiana simu. Mwaka juzi moja ilirudi kwa mwenyewe hivyo, kabla polisi hawajamaliza kuandika maelezo.

Niko Dar, nina baiskeli ya gia ya mazoezi. Haya yananihusu?

Mengi. Ongeza moja tu: uliza kama fundi ana kifaa cha kutolea kaseti, yaani meno ya gia za nyuma, na cha kukatia cheni, na kama anajua cheni yako ni ya gia ngapi. Cheni ya baiskeli isiyo na gia ni pana, haitakaa kwenye meno yako. Akijibu "cheni ni cheni", mshukuru uende kwa mwingine.

Fundi wangu amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nihame?

Hili nimeulizwa mwaka huu mara tatu, kwa sauti ya chini kabisa, na wote walikuwa wanamzungumzia Mzee.

Macho yake ni kweli. Spoku hawezi tena kuziona zikipishana, anazigonga kwa kucha na kusikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake. Kwa kunyoosha ringi kijana ndiye anashika siku hizi, Mzee anakaa kwenye kigoda nyuma yake. Wewe leta baiskeli kama kawaida, na eleza ukiwa umewatazama wote wawili. Jana alikuja mtoto na baiskeli ya babu yake. Kijana akaanza kuifungua habu ya nyuma. Mzee, bila kuigusa, akasema, "Hiyo ina ekseli ya Avon, niliiweka mimi baada ya mafuriko. Usiitafutie nati ya Phoenix." Kijana akarudi ndani kwangu kubadilisha nati aliyokuwa ameshaichukua.